Mbegu ya nyumbani, mbegu bora, chotara au GMO: kipi hubadilika ndani ya mmea, na kipi cha kuogopa

Novemba ikifika, kwenye maduka ya pembejeo ya Masasi, Nachingwea na Newala swali ni lilelile: "Hii si GMO kweli?" Muulizaji ameshika pakiti ya mahindi ya kilo 2, punje zimepakwa dawa ya rangi, na jirani amemwambia kwamba mahindi yasiyofaa kurudiwa msimu wa pili ndiyo GMO. Siyo. Yanayopungua nguvu yakirudiwa ni chotara, na chotara ni ndoa ya hindi kwa hindi. GMO ni mmea ulioingiziwa jeni maabara, na mbegu yake haijaidhinishwa kulimwa na wakulima Tanzania.

Hata hivyo swali lina maana yake. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa bioteknolojia ya Kenya iliidhinisha muhogo wa GMO unaokinza michirizi ya kahawia, ugonjwa uleule unaoozesha muhogo wetu kuanzia Mtwara Vijijini mpaka Kilwa, na mabishano ya GMO nchini humo yakafika mahakamani. Pingili za muhogo hazina pasipoti. Fungu moja hufungwa nyuma ya pikipiki likalala wilaya nyingine. Kwa hiyo ni vizuri kujua mapema unachochagua, kwa kupima kila aina ya mbegu kwa kipimo kilekile.

Vipimo vitano

Cha kwanza ni vinasaba, yaani jeni zinazobeba urithi wa mmea: nini kimebadilika, na je, kuna mtu anayejua kimebadilika wapi? Cha pili ni mlaji, yaani sumu na mzio. Cha tatu ni shamba: chavua kwenda kwa jirani, wadudu na magonjwa kuzoea. Cha nne ni kurudia mbegu: ukihifadhi, utapata kilekile? Cha tano ni sheria na soko, nacho husahaulika sana, ingawa sisi huku tunaishi kwa korosho, ufuta na mbaazi zinazopanda meli. Kwa hizo tatu tulia: hakuna korosho, ufuta wala mbaazi ya GMO inayouzwa kibiashara popote duniani. Mkorosho unaozaa mapema ni wa kubebeshwa, si wa maabara.

Kabla ya yote angalia jinsi zao linavyozaliana, maana hofu nyingi zinaanzia hapo. Karanga na choroko hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa. Muhogo tunaupanda kwa pingili, kwa hiyo mtoto ni mama yuleyule. Mahindi hayana mlango: chavua ya mbelewele inapeperuka na kutua kwenye ndevu za hindi lolote lililo karibu. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, tafuta shamba la mahindi meupe lililopakana na mahindi ya njano yaliyotoa maua wiki ileile. Menya hindi la mstari wa mpakani. Katikati ya punje nyeupe utakuta za njano zimetapakaa, na kila moja ni chavua moja iliyovuka. Tembea hatua 10 kuingia ndani, menya tena, kisha hatua 20, kisha 50. Punje za njano zinapungua haraka, lakini haziishi zote mara moja. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu ya mahindi hutenga mita 200 au zaidi.

Mbegu ya nyumbani

*Vinasaba.* Neno "asili" linatupoteza kidogo. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini na mahindi yalitoka Mexico, na yote yalibadilishwa na mikono ya wakulima kwa maelfu ya miaka kabla hayajafika pwani yetu. Mabadiliko ni mengi na hakuna aliyeyaandika. Kinachojulikana ni matokeo: hii inavumilia kichanga cha uwanda wa Makonde, hii inaiva kabla mvua haijakata. Nachinyaya, muhogo unaojulikana sana Mtwara, ulipata sifa kwa sababu mizizi yake inavumilia michirizi kuliko mingine, ingawa majani yanaweza kuonyesha dalili.

Watu husema mbegu ya muhogo "imechoka". Kwa kawaida vinasaba havijachoka, ila pingili imebeba virusi, na kila ukikata na kupanda tena unavipanda navyo. Chimbua shina moja kati ya kila ishirini, kata mzizi kwa kisu mkingamo, si kwa urefu, katika sehemu tatu: karibu na shina, katikati na kwenye ncha. Nyama safi ni nyeupe na ina maji. Yenye michirizi ina mabaka ya kahawia makavu, magumu kama kizibo cha chupa, wakati mwingine ganda la nje likiwa halina hata alama. Majani hukaguliwa yale ya chini yaliyokomaa, ambako unjano hufuata mishipa. Batobato, ugonjwa mwingine wa virusi vya muhogo, yenyewe huonekana juu, kwenye majani machanga yaliyojikunja. Ukingoja kiangazi majani yakidondoka, umechelewa kukagua.

*Mlaji.* Hapa ndipo penye ukweli usiopendwa: hatari kubwa ya chakula iliyowahi kuandikwa mkoani Mtwara kutokana na zao haikutoka maabara. Ilitoka kwenye muhogo mchungu usiosindikwa vizuri. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili ghafla na bila kupona, ulilipuka Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, ulikwisha kutokea mapema zaidi. Chanzo ni sianidi inayobaki kwenye makopa, hasa mwaka wa ukame ambapo sumu huongezeka ndani ya mzizi na njaa hufanya watu wakatishe siku za kusindika. Kiwango cha kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Unga ukiwa na shaka, uloweshe maji hadi uwe tope, utandaze usizidi unene wa sentimita moja, uache saa 5 kivulini au saa 2 juani ndipo upike. Sianidi hutoka kama hewa. Tope likiwa nene inabaki ndani, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

*Shamba na kurudia.* Kurudia ni bure, na ndiyo nguvu yake kubwa. Kwa mahindi usichague mbegu kwenye lundo nyumbani, kwa sababu hindi kubwa la pembeni huenda lilinenepa kwa kukosa mshindani, au chavua yake ni ya jirani. Chagua yakiwa yamesimama, katikati ya shamba, yasipungue mimea 100. Ukichagua mahindi matano mazuri kila mwaka, ndugu wataoana na mimea itadumaa.

*Sheria na soko.* Kupanda na kugawana nyumbani hakuna tatizo. Kuuza kama mbegu ni jambo jingine. Kikundi kinaweza kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora chini ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Mbegu bora isiyo chotara

Hapa naweka mahindi ya uchavushaji huria kama Staha na Situka, ufuta wa Lindi 2002 na Ziada 94, karanga za Pendo 98 na Mnanje 2009, na mihogo iliyopitishwa kitaalamu. Kwa ufuta na karanga, mzigo mkubwa wa kazi hiyo umebebwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara.

*Vinasaba.* Wazazi wawili wanapokutanishwa, maelfu ya jeni huchanganywa upya kwa mpigo. Mtafiti hajui kila iliyohamia. Anachagua kwa macho na mizani, kizazi baada ya kizazi. Na msidhani kuvuka spishi ni jambo la GMO peke yake. Michirizi ya kahawia ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 huko Amani, Tanga, na watafiti wa hapohapo wakaukutanisha muhogo na ndugu yake wa mbali, mti wa mpira uitwao *Manihot glaziovii*, kisha wakaurudishia damu ya muhogo mara kadhaa ili uweze kuliwa. Muhogo uitwao Namikonga, mmoja wa mihogo inayokinza zaidi michirizi, ni wa ukoo huo. Vipande vya vinasaba vya mti wa mpira vimo ndani yake mpaka leo, na hakuna aliyeandamana.

Njia nyingine ni mionzi: mbegu hupigwa mionzi, vinasaba vikavunjika hapa na pale, na mmea mmoja mzuri kati ya maelfu huokolewa. Zaidi ya aina 3,000 za mazao duniani zimesajiliwa kwa njia hiyo. Mpunga wa SUPA BC wa Zanzibar ni mmojawapo. Kwa kuhesabu jeni zilizoguswa, mionzi inavuruga kuliko GMO nyingi, lakini katika nchi nyingi haidaiwi vipimo vya usalama vinavyodaiwa GMO.

*Mlaji.* Hatari ipo, ni ndogo, na imewahi kutokea. Kiazi cha Lenape kilitolewa Marekani mwaka 1967 kwa uzalishaji wa kawaida kabisa, kikaondolewa mwaka 1970 baada ya kukutwa na solanini, sumu ya asili ya viazi, nyingi mno. Kwa muhogo, swali la kumwuliza bwana shamba ni moja tu: ni mtamu au mchungu? Jina zuri halitoi sianidi.

*Shamba na kurudia.* Karanga na ufuta unaweza kurudia kwa misimu kadhaa ukiondoa mimea isiyofanana. Kwa mahindi, baada ya misimu mitatu hivi chavua ya jirani itakuwa imekwisha kuyaharibu, basi nunua upya. Muhogo haubadiliki tabia, ila utakusanya virusi, hivyo anza na pingili safi na ng'oa mgonjwa mapema. Pingili ya sentimita 20 hadi 30 yenye macho 5 hadi 7, kwa nafasi ya mita 1 kwa 1, ni kama 4,000 kwa ekari.

*Sheria na soko.* Hakuna kikwazo. Tafuta lebo ya TOSCI na ukwangue namba ya uhakiki kabla hujatoka dukani.

Chotara

*Vinasaba.* Koo mbili za mahindi huchavushwa zenyewe kwa zenyewe, kizazi baada ya kizazi, mpaka mimea ya kila ukoo inafanana, kisha hukutanishwa. Mtoto wa kwanza ana nguvu kwa sababu jozi zake nyingi za jeni zinatofautiana. Ukirudia mbegu yake, nusu ya tofauti hizo hupotea katika kizazi kimoja tu: shamba linakuwa na warefu, wafupi, wenye mahindi mawili na wasio na kitu. Hakuna jeni iliyowekwa ili mbegu ife. Ni hesabu ya urithi tu.

*Mlaji.* Kwake hakuna tofauti na mahindi mengine. Punje zilizopakwa dawa ndizo hatari, na si kwa sababu ya vinasaba: zisiliwe, hata zikioshwa mara ngapi, wala kuku wasipewe.

*Shamba na kurudia.* Usirudie. Kilo 8 hadi 10 kwa ekari kila msimu ni hela ya kuwekwa kando wakati wa mauzo ya korosho, kabla haijaliwa. Bila mbolea, kwenye kichanga kilichochoka, chotara mara nyingi hailipi tofauti ya bei. Na kumbuka kile kikavu chetu cha mwisho wa Januari mpaka Februari: chotara ya muda mrefu ikikutwa inatoa mbelewele siku hizo, ndevu zinakauka, chavua inakosa pa kutua, na unavuna mahindi yenye mapengo kama meno ya bibi.

*Sheria na soko.* Halali. Tatizo ni mbegu feki, yaani punje za chakula zilizopakwa rangi.

GMO

*Vinasaba.* Hapa jambo linakuwa jembamba na linalojulikana zaidi, lakini si salama kwa sababu hiyo tu. Kipande huandaliwa maabara kikiwa na swichi ya kuwasha, jeni inayotakiwa, na alama ya kusimamisha. Mara nyingi huongezwa jeni ya kutambulisha, kama ile inayokinza dawa ya kanamaisini, ili kuzijua seli zilizopokea. Kipande hupelekwa na bakteria *Agrobacterium*, ambaye porini hufanya kazi hiyohiyo ya kuingiza jeni zake kwenye mimea, au hupigwa kwa bunduki ya chembe za chuma. Kinatua popote. Kinaweza kuangukia katikati ya jeni nyingine na kuizima, au kuingia mara mbili. Ndiyo maana huoteshwa mimea mamia na kuchaguliwa mmoja ambao kipande kimeingia mara moja, mahali panapojulikana. Uidhinishaji hutolewa kwa mmea huo na uzao wake, si kwa "muhogo wa GMO" kwa ujumla.

Muhogo wa Kenya, unaojulikana kwa namba 4046, unafundisha zaidi kuliko mahubiri ya pande zote mbili. Waliuingizia kipande kinachofanana na sehemu ya virusi vya michirizi. Kipande hicho hakitengenezi protini ya kirusi, ila huamsha kinga ya mmea ikate vinasaba vya kirusi kinapoingia. Kwa michirizi kikafanya kazi vizuri. Lakini ulipopelekwa shambani ukashikwa na batobato, wakati aina mama, TME 204, inajulikana kwa kuikinza. Tatizo lilikuwa jeni iliyoingizwa? Hapana. Mimea iliyopitishwa maabara bila kuingizwa chochote nayo ilipoteza kinga. Kosa lilitokana na hatua ya kuigeuza seli ya jani kuwa tonge na kuiotesha upya kuwa mmea: wakati huo kinga ya batobato ya ukoo ule hupotea. Dawa ikawa kuukutanisha na mihogo yenye kinga hiyo, kwa uzalishaji wa kawaida. Ndani ya chupa mmea ulikuwa wa kijani na mzuri, na kasoro ilijulikana tu pale inzi weupe, wanaosambaza batobato, walipopata nafasi ya kuufyonza. Anayesema majaribio ya shambani hayana maana kwa sababu maabara imeshathibitisha, na anayetaka yapigwe marufuku, wote wawili wanaliruka jambo hili.

*Mlaji.* Kuna matukio ya kweli ya kujua. Miaka ya 1990 jeni ya njugu ya Brazil iliwekwa kwenye soya ili kuiongezea lishe. Vipimo vya mwaka 1996 vikaonyesha kwamba wenye mzio wa njugu hiyo wangedhurika, na mradi ukafa kabla ya soko. Sisi wa korosho tuelewe vizuri: protini ile ni ya jamii moja na mojawapo ya protini za korosho zinazosababisha mzio. Mwaka 2000 mahindi ya StarLink, yaliyoruhusiwa kwa mifugo tu Marekani, yakakutwa kwenye chakula cha watu. Kosa hilo lilikuwa la maghala na usafirishaji, na maghala yetu hayatenganishi mizigo vizuri kuliko yao. Mwaka 2005 Australia iliachana na njegere zilizopewa jeni ya maharage baada ya panya kuonyesha mwitikio wa kinga.

Zile picha za panya wenye uvimbe mkubwa zinazozunguka WhatsApp zimetoka kwenye utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2012. Jarida liliufuta mwaka 2013: panya walikuwa 10 tu kwa kila kundi la jinsia moja, wa aina inayoota uvimbe kwa wingi ikizeeka hata bila chochote. Ulichapishwa tena kwingine mwaka 2014, na udhaifu ukabaki uleule. Upande wa pili, Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani mwaka 2016 zilipitia mamia ya tafiti na hazikukuta ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyokuwa sokoni vina hatari zaidi kwa afya kuliko vya kawaida. Ripoti hiyohiyo ilisema haikuona ushahidi kwamba GMO zimeongeza kasi ya kupanda kwa mavuno Marekani. Watangazaji hupenda kusoma nusu moja tu.

Protini ya Bt, itokayo kwa bakteria wa udongoni na inayoua viwavi, hufanya kazi kwenye utumbo wa kiwavi ulio wa magadi na wenye mahali pa kuishika. Tumbo la binadamu ni la asidi na halina mahali hapo. Bakteria huyohuyo hupulizwa hata kwenye mashamba ya kilimo hai.

*Shamba.* Mimi hofu yangu kubwa iko hapa, si sahanini. Afrika Kusini, kiwavi wa bua, *Busseola fusca*, aliripotiwa kuzoea mahindi ya Bt mwaka 2007, chini ya miaka kumi tangu yaanze kulimwa. Sababu iliyotajwa sana ni wakulima kutopanda hifadhi, yaani sehemu ya mahindi yasiyo ya Bt ambako viwavi wasio sugu hubaki na kuoana na sugu. Kanuni kule ilikuwa asilimia 5 isiyopulizwa dawa, au asilimia 20 inayopulizwa. Kwa ekari moja ya Nanyumbu, asilimia 5 ni kama mita 14 kwa 14 za mahindi unayoyaacha yaliwe. Nani atakubali, na nani atakagua? Viwavijeshi vamizi, waliofika Tanzania mwaka 2017, nao wana historia ya kuizoea protini mojawapo ya Bt huko Puerto Rico tangu mwaka 2006.

Kunde za Bt, zilizoidhinishwa Nigeria mwaka 2019 dhidi ya kiwavi wa maua na maganda, zingetusaidia kupunguza kupuliza. Lakini kunde ni za Afrika, na ndugu zake wa porini wapo. Zinajichavusha sana, si kabisa: nyuki hubeba chavua kidogo. Karanga hazingekuwa na swali hilo kwa uzito huo.

*Kurudia.* Pingili za muhogo zingerudiwa kama kawaida. Mahindi ya Bt huja ndani ya chotara, na ukiyarudia baadhi ya mimea haitakuwa na jeni, huku viwavi wakionja dozi nusunusu. Hakuna shule nzuri zaidi ya usugu.

*Sheria na soko.* Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa GMO, tangu 2003. Kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, chini ya Sheria ya Mazingira, zilirekebishwa mwaka 2015 ili kulegeza dhima kwa watafiti. Jaribio la mahindi ya kuvumilia ukame lilipandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Mwisho wa 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimame, na Januari 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza kuyaondoa kabisa. Kwa upande wa soko, Burkina Faso ilianza pamba ya Bt mwaka 2008 na kuiacha mwaka 2016. Wadudu walipungua, lakini nyuzi zikawa fupi na bei ikaanguka. Jeni ilifanya kazi yake, aina iliyopewa jeni ikawa haifai sokoni.

Uhariri jeni

*Vinasaba.* Badala ya kuleta jeni, mkasi uitwao CRISPR, uliotangazwa mwaka 2012, hukata mahali palipolengwa. Seli inaziba kidonda kwa makosa, na jeni inazimika. Hofu mbili: mkasi kukata mahali pengine panapofanana, na mabaki ya vifaa kubaki ndani. Ya pili si ya kubuni: mwaka 2019 wakaguzi wa Marekani walikuta vinasaba vya bakteria, pamoja na jeni za kukinza antibiotiki, ndani ya ng'ombe waliohaririwa wasiwe na pembe, wakati waliowatengeneza walidhani wamewasafisha. Kwenye mahindi vifaa huondolewa kwa kuvikutanisha na kuchagua watoto wasio navyo. Kwenye muhogo ukikutanisha unaipoteza aina uliyoitaka, kwa hiyo mkasi wenyewe huelekea kubaki ndani, na hapo tofauti yake na GMO inafifia.

*Mlaji.* Watafiti wameshazima jeni za kutengeneza sianidi kwenye muhogo maabara, matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Kwa mahali palipowahi kupata konzo, hiyo si habari ndogo.

*Shamba.* Lakini muulize anayelima muhogo mchungu pembezoni mwa msitu wa Liwale kwa nini anaulima: nguruwe pori, nyani na wezi wa usiku hawaupendi. Ukiondoa sumu, umeondoa na mlinzi.

*Kurudia, sheria na soko.* Pingili zingerudiwa. Nigeria ilitoa mwongozo wake mwaka 2020 na Kenya mwaka 2022. Dukani kwetu muhogo huo haupo.

Sasa wewe uko wapi?

Unalima muhogo na michirizi imeingia kijijini: chaguo lako la leo ni mihogo iliyopitishwa yenye uvumilivu, pingili safi zenye chanzo kinachojulikana. Usipozipata, chagua kutoka shamba lako kwa kisu kama ilivyoelezwa juu, ng'oa wagonjwa katika miezi mitatu ya kwanza, na vuna mapema badala ya kuiacha mizizi ardhini kama ghala, kwa sababu kuoza huongezeka kadiri inavyokaa.

Unalima mchungu kwa sababu ya wanyama: endelea, ila usipunguze siku za kusindika mwaka wa njaa.

Mahindi ekari moja, hela ya mbolea hakuna: uchavushaji huria unaoiva mapema. Una bonde lenye unyevu na mbolea imeshanunuliwa: chotara, na bajeti ya mbegu ya mwakani iwekwe sasa.

Ufuta, karanga, choroko kwa soko la nje: mbegu bora iliyosajiliwa. Mjadala wa GMO haukuhusu kwa sasa, sumukuvu inakuhusu. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo ya karanga au mahindi, na kuvu haiulizi mbegu imetoka wapi. Anika juu ya turubai, si ardhini.

Una mtu mwenye mzio mkali nyumbani: soma viungo vya vyakula vya viwandani, hasa vya soya na njugu. Mzio wa korosho zetu wenyewe ni hatari ya karibu kuliko wa GMO yoyote.

Umeletewa pingili "za kisasa zisizougua" kutoka nje ya nchi: zikatae. Hata zisipokuwa GMO, zinaweza kubeba kirusi ambacho huku hakijafika, na huna namna ya kukiona kwenye kijiti kikavu.

Wewe ni diwani au kiongozi wa AMCOS, yaani ushirika wa msingi wa wakulima, na siku moja umeulizwa kama jaribio la GMO lifanyike eneo lako: uliza zao linachavushwaje, na ndugu zake wa porini wapo karibu? Jeni inatengeneza protini mpya au haitengenezi? Aina iliyopewa jeni ni ya hapa au ya kwingine? Kinga ya magonjwa mengine ilipimwa shambani? Likiharibika, nani analipa, na mimea itang'olewa na kuchomwa na nani? Taka majibu kwa maandishi, kwa Kiswahili.